Unaenda kujitolea kliniki ya ugenini? Anza na benchi la nje

Wanaojiandaa kwenda kujitolea kwenye kliniki za nchi nyingine huniuliza maswali mawili kwa mkupuo: nitapewa kazi gani, na nitapata lini nafasi ya kujua kabila la pale na mila zake? Huuliza kana kwamba ni safari mbili, kliniki siku za kazi na mila mwisho wa juma. Ukizitenganisha hivyo utazikosa zote mbili. Mila za watu utakutana nazo kwenye foleni ya asubuhi, na usipozitambua pale, hata dawa utakayoandika haitamezwa.

Chukua mfano wa Peru. Katika wilaya ya Santillana, mkoani Ayacucho kwenye milima ya Andes, mwaka 1999 waliojifungulia kituo cha afya walikuwa asilimia 6 tu. Wahudumu wakakaa na jamii kuuliza tatizo ni nini. Akina mama wa pale wamezoea kujifungua wima, wamechuchumaa au wameshikilia kitu, wakiwa na watu wao karibu. Basi kituo kikaweka kamba na kigoda, ndugu na wakunga wa jadi wakaruhusiwa kuingia, na Kiquechua, lugha ya wenyeji, kikatumika chumbani. Kufikia mwaka 2007 waliojifungulia kituoni walikuwa asilimia 83. Kila ninapomsikia mtu akilalamika kwamba "hawa watu hawataki hospitali", namkumbusha Santillana.

Sasa maandalizi. Haya nayapitia haraka kwa sababu yameandikwa kila mahali, lakini chanjo hazingoji tiketi. Homa ya ini aina ya B huchomwa mara tatu, na kwa ratiba ya kawaida sindano ya mwisho huja mwezi wa sita, kwa hiyo anza mapema. Homa ya manjano ni sindano moja. Cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 ni cha maisha. Kama unakwenda mbali na hospitali kubwa, zungumza na daktari kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa pia. Na kabla hujakubali kwenda, waulize waratibu: nikijichoma sindano iliyotumika, dawa za PEP, za kuzuia maambukizi ya VVU, ziko wapi? Zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kumezwa siku 28. Wakibabaika kujibu hilo, tafuta programu nyingine.

Swali la pili ni leseni. Kuvuka mpaka hakukuongezei ujuzi. Kama nyumbani huruhusiwi kushona kidonda, kung'oa jino au kuzalisha, huko nako huruhusiwi, hata kama foleni ni ndefu na muuguzi aliyepo amechoka. Wapo wanafunzi wanaosafiri hasa kwa ajili ya "kupata mkono", na wapo wanaowapokea wakijua hivyo. Mgonjwa hajui kama wewe ni mwanafunzi. Anaona koti jeupe. Kama una taaluma kamili, omba usajili wa muda kwenye baraza la taaluma la nchi hiyo, na uombe miezi kadhaa kabla.

Mizigo: usijaze sanduku mabaki ya dawa kutoka kabatini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, kuhusu misaada ya dawa unataka dawa ziwe zimeombwa na wanaozipokea, zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, na maelezo yake yaandikwe kwa lugha inayoeleweka kule. Andikia kliniki uwaulize wanakosa nini. Mara nyingi jibu ni glavu, betri, au karatasi za rejista.

Umefika. Siku za mwanzo usikimbilie chumba cha daktari. Omba ukae kwenye benchi la nje na anayewaandikisha wagonjwa, au upewe kazi ya kupima uzito na kufunga utepe wa MUAC, unaopima mzunguko wa mkono wa juu, kwenye mikono ya watoto. Utepe ule unakufundisha mengi. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, hilo umesoma. Lakini ukiwa na utepe mkononi utaona pia nani kamleta mtoto, nani anaamua arudi nyumbani au alazwe, mama anamtazama nani kabla ya kukujibu. Kuna mahali mwenye uamuzi ni bibi, na bibi hakuja. Amekaa nyumbani anangoja taarifa. Ukimweleza mama peke yake matibabu ya wiki sita, umeongea na mjumbe.

Mkalimani ndiye atakayekupandisha au kukuangusha. Mgonjwa anaeleza kwa dakika nzima, anashika tumbo, anashika mgongo, ananyoosha kidole upande wa mtoni, sauti inashuka. Mkalimani anakugeukia: "Anasema tumbo." Usimlaumu, pengine ni msafishaji aliyeitwa tu kwa sababu anajua lugha zote mbili. Kaeni naye kabla ya kliniki kufunguliwa, mkubaliane kwamba atatafsiri kipande kwa kipande, na kwamba hata linaloonekana la kipuuzi utataka kulisikia. Mtazame mgonjwa unapoongea, usimtazame mkalimani. Kwa mambo ya uzazi na ya sirini, tafuta mkalimani wa jinsia ya mgonjwa. Mtoto wa mgonjwa asitumike kabisa.

Kisha uliza maswali ambayo hayamo kwenye fomu. Arthur Kleinman, daktari wa akili wa Marekani ambaye pia ni mwanaanthropolojia, pamoja na wenzake walipendekeza maswali ya namna hii mwaka 1978, na bado yanafanya kazi: unadhani ugonjwa huu umesababishwa na nini? Kwa nini umeanza wakati ule? Unaogopa nini zaidi? Ukiuliza kwa heshima, bila kutabasamu kwa kejeli, utaambiwa kuhusu mganga aliyetangulia, mizizi iliyochemshwa, ugomvi na shemeji. Mizizi hiyo unaihitaji kwenye faili, kwa sababu mtoto aliyekunywa dawa asiyojulikana na anaharisha ni mgonjwa tofauti na anayeharisha tu.

Hapa ndipo pa kutumia akili. Kuna desturi ambazo hazimdhuru mtu, na kuna zinazoua, na usizichanganye. Nimewahi kumwona daktari mgeni akichukua mkasi na kukata uzi wa shanga kiunoni mwa mtoto ili ampime vizuri. Mama hakusema neno. Alimfunga mtoto mgongoni akatoka, pakiti za ORS, chumvi za kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki vya kuharisha vikabaki mezani. Uzi ule haukuwa na madhara yoyote. Kitovu cha mtoto mchanga kupakwa kinyesi cha ng'ombe ni jambo jingine: hapo ndipo pepopunda inapoingia, na hapo lazima useme. Lakini sema kupitia mkunga wa jadi au mwanamke mzima anayeheshimika, na mpe mama kitu cha kupaka badala yake, jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kama kliniki inayo. Ukikataza mkono mtupu, mkono utarudi kulekule.

Kuhusu waganga wa jadi, omba utambulishwe na mwenyeji, nenda na zawadi anayokushauri, na usiende kubishana. Unachotaka ni kwamba mgonjwa mwenye degedege au anayetoka damu baada ya kujifungua aletwe leo, asingoje kesho. Mganga akikuamini kwa hilo tu, umefanya kazi kubwa.

Ngoma, jando, mazishi, harusi: usijialike. Ukialikwa, uliza unavaa nini, unakaa upande gani, unatoa nini, na unaondoka saa ngapi. Mazishi hasa yanataka adabu. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi, familia nyingi zilificha maiti kwa sababu timu za mwanzo zilichukua wapendwa wao bila kuaga wala dua. Novemba 2014 WHO ikatoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, uliowapa familia na viongozi wa dini nafasi yao. Picha za wagonjwa usipige, hata wakikubali: mtu anayengoja dawa kutoka kwako hana uhuru wa kukukatalia. Na zile ziara za "kijiji cha asili" zilizopangwa kwa watalii, nenda ukitaka, ila usidhani umejua kitu. Mchana mmoja wa kumenya viazi na wapishi wa kliniki una faida zaidi.

Jambo la mwisho linalosahaulika ni wagonjwa unaowaacha. Usimwanzishie mtu dawa ya presha au kisukari ambayo kliniki haitaweza kumpa ukishaondoka. Andika kila kitu kwenye rejista yao, kwa mwandiko unaosomeka, na siku chache kabla ya kuondoka pitia na muuguzi mkuu orodha ya wanaohitaji kufuatiliwa.

Ukirudi, malizia dawa za kinga ya malaria. Doksisaikilini humezwa wiki 4 zaidi baada ya kutoka eneo lenye malaria. Homa yoyote ndani ya miezi 3, kapime siku hiyohiyo na useme ulikokuwa. Kama uliogelea ziwani au mtoni kwenye maeneo yenye kichocho, sema na hilo.