Kabla hujanunua katoni nzima ya vifungashio, loweka kimoja usiku kucha

Mkuu, umeuliza vifungashio gani visivyochafua mazingira vinafaa kibanda cha chipsi, maharage na maandazi. Biashara hiyo ndiyo yangu hapa Temeke, Dar es Salaam, na nilianza kabla ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019.

Marufuku ile ilihusu mifuko ya kubebea, kwa hiyo wengi tukaendelea na yale maboksi meupe ya foma. Ni rahisi, sikatai. Lakini siku moja mteja alinirudishia boksi lake. Nilikuwa nimemimina chipsi moja kwa moja kutoka kwenye karai, na chini ya boksi pamebonyea, pamefanya kishimo kinachong'aa. Foma huanza kulainika kwenye nyuzijoto 100 hivi, na mafuta ya kukaangia hupita 160. Nikajiuliza huyu mtu amekula nini. Sijayanunua tena.

Nikahamia vikombe na mabakuli ya karatasi yaliyoandikwa kuwa yanaoza. Fanya kama nilivyofanya: chana kimoja, kiloweke usiku kucha, asubuhi kifikiche. Changu karatasi ilitoka yote ikawa uji, mkononi nikabaki na utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Ile ni plastiki. Hata ile plastiki inayotengenezwa kwa mahindi, inayosifiwa sana, inahitaji mtambo wenye joto la nyuzijoto 60 hivi ndiyo ioze vizuri. Mtaroni kwetu inakaa tu. Na mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, nayo ni plastiki, polipropilini.

Sasa natumia hivi. Maandazi na chapati naweka kwenye bahasha za kaki zisizo na mng'ao. Magazeti usiguse kabisa, wino unahamia kwenye mafuta. Chipsi nazichuja, nazipumzisha kidogo, halafu bahasha ya kaki iliyotandikwa jani la mgomba. Jani lioshe, lipitishe juu ya mkaa mpaka rangi igeuke kijani kilichoiva na kung'aa. Hapo linakunjika bila kupasuka. Bahasha usiifunge mdomo, mvuke ukikosa pa kutokea chipsi zinalegea. Maboksi ya makapi ya miwa ni mazuri pia, ila bei yake imenishinda kwa oda za kila siku, nayatunza kwa oda za ofisini.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni maharage. Nilibandika karatasi: ukija na chombo chako, naongeza kijiko. Wiki ya kwanza alikuja mama mmoja na hotipoti. Sasa jioni foleni nzima ina mabakuli na vibakuli vyenye mifuniko, na gharama ya kifungashio kwenye maharage karibu imeisha.

Ukienda kununua, omba vipande kumi vya kujaribia, ujaribu kwa chakula chako kikiwa cha moto. Muuzaji akikataa, nenda duka linalofuata.