Shangazi, nimemtoa mtoto shule na sasa simu ya shule naiogopa

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Mwaka mzima amekuwa akishikwa na tumbo kila Jumapili jioni, na hospitali hawaoni ugonjwa. Darasani hafungui mdomo, ila nyumbani anasoma vitabu vya watoto waliomzidi umri. Wiki mbili zilizopita niliamua kwamba harudi tena, nitamsomesha mwenyewe. Tangu siku hiyo tumbo halijamuuma. Lakini mume wangu anasema nitasababisha tufungwe, mama mkwe anasema namharibu mtoto, na shule wamepiga simu mara tatu sijapokea. Simjui hata mtu mmoja anayesomesha watoto nyumbani. Sheria inasemaje, na wenzangu nitawapata wapi? Ni mimi, Mama wa Peke Yangu.*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye hizo simu tatu. Tuanzie hapo hapo.

Usingoje wapige ya nne. Piga wewe, kesho asubuhi. Mtoto aliye kwenye daftari la shule na haonekani darasani, bila taarifa yoyote, haitwi mwanafunzi wa nyumbani. Anaitwa mtoro, na anayeulizwa ni mzazi. Hata mahali ambapo elimu ya nyumbani inaruhusiwa waziwazi, kimya cha wiki mbili kinaweza kukuletea afisa mlangoni kwa jambo ambalo barua ya ukurasa mmoja ingelimaliza. Sikulaumu hata kidogo. Mama anayemwona mwanawe amejikunja kitandani kila Jumapili hakumbuki mambo ya karatasi. Ila sasa karatasi ndiyo itakayomlinda. Waeleze shule ukweli: mtoto alikuwa anaugua kwa hofu, umemweka nyumbani, na unafuatilia utaratibu unaotakiwa. Ukishakata simu, yaandike mambo yale yale, weka tarehe, peleka, na ubaki na nakala.

Tuje kwenye sheria. Hukuniambia uko nchi gani, na sitakubahatishia, maana mambo haya yanatofautiana mno. Nitakupa swali moja ulishike unapoisoma sheria ya kwenu: je, inadai mtoto apate elimu, au inadai mtoto ahudhurie shule? Ukisoma haraka utadhani ni kitu kimoja. England, kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, iwe kwa kuhudhuria shule au kwa njia nyingine. Hayo maneno "au kwa njia nyingine" ndiyo mlango wanaopita wazazi wote wanaosomesha watoto nyumbani kule. Ujerumani mlango huo haupo. Kule mtoto anatakiwa shuleni, na wazazi waliopeleka malalamiko yao Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya walikataliwa mwaka 2006.

Katikati ya hao wawili kuna kila namna. Ufaransa zamani mzazi alitoa taarifa tu. Tangu mwaka wa masomo wa 2022 lazima aombe kibali, tena kwa sababu zilizotajwa kwenye sheria. Afrika Kusini mzazi anaomba mtoto asajiliwe, chini ya kifungu cha 51 cha Sheria ya Shule ya mwaka 1996. Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, lakini wa Texas hahitaji kibali cha mtu, na wa New York anapeleka taarifa, mpango wa masomo na ripoti nne kwa mwaka, pamoja na kutimiza saa 900 za masomo kwa mtoto wa darasa la kwanza hadi la sita. Hata ndani ya Uingereza, mzazi wa England ambaye mtoto wake yuko shule ya kawaida kwa kawaida anaiandikia shule kwamba anamtoa. Wa Scotland, mtoto akiwa shule ya serikali, lazima kwanza apate ridhaa ya mamlaka ya elimu ya eneo lake. Mmoja anaarifu, mwingine anaomba. Ukikosea hapo umeanza kwa mguu mbaya.

Kwa hiyo usichukue ushauri wa sheria kutoka kwa mtu wa nchi nyingine, hata awe mwema kiasi gani. Na kuna jambo linalonikera, ngoja niliseme. Utakutana na watu watakaokwambia Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 26, linampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya mtoto wake, basi serikali haina la kukufanya. Ni kweli limeandikwa hivyo. Lakini ibara hiyo hiyo, mwanzoni kabisa, inasema elimu ya msingi ni ya lazima. Wale wazazi wa Ujerumani nao waliitegemea haki ya mzazi, na haikuwasaidia. Usiende ofisini ukiwa umebeba nusu ya ibara.

Tafuta sheria ya elimu ya nchi yako yenyewe, na kanuni zilizotungwa chini yake, maana mara nyingi mambo madogo madogo yamo kwenye kanuni. Hakikisha ni toleo lenye marekebisho ya mwisho. Angalia umri ambao elimu ni ya lazima, na kama unatakiwa kutoa taarifa au kupata kibali. Angalia pia kama anayefundisha lazima awe na cheti cha ualimu, masomo gani hayakwepeki, na nani atakayekuja kukagua au kumpima mtoto. Kisha nenda ofisi ya elimu ya eneo lako ukaulize kwa maandishi. Afisa akikujibu "hairuhusiwi", usibishane naye. Muulize kwa upole: "Naomba unioneshe kifungu." Huenda kipo, nawe utakuwa umejua. Huenda hakipo, na amekujibu kwa mazoea tu kwa sababu hajawahi kuulizwa.

Ikiwa kipo, na kinakataza kweli, sitakwambia umfiche mtoto. Mtoto wa miaka 9 anayefundishwa kutochungulia dirishani saa za shule amehama hofu moja akaingia nyingine. Hapo utahangaikia shule nyingine iliyo ndogo na tulivu zaidi, au utaratibu wa muda kwa mtoto mgonjwa, na barua ya daktari itakusaidia sana. Masomo ya masafa nayo yaulizie vizuri kabla ya kulipa. Kuna mahali sheria haiyahesabu kuwa shule, hata kama mtoto anafundishwa na walimu kamili kutwa nzima.

Mume wako haogopi bure, mwanangu. Anaogopa kitu asichokijua, kama wewe tu, ila hofu yake imekuwa ya maneno na yako imekuwa ya kimya. Isomeni sheria pamoja, mezani, mtoto akiwa amelala. Mama mkwe muache kwanza. Atatulia akimsikia mjukuu wake anamsomea kitabu.

Kuhusu wenzako, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona familia zikishinda upande wa sheria halafu zikachoka kwa upweke. Wapo karibu yako kuliko unavyodhani, ila hawana bango mlangoni. Ukienda ofisi ya elimu, usimwombe afisa namba za familia zilizosajiliwa, hawezi kukupa siri za watu. Mpe yako, umwombe awafikishie. Nenda maktaba asubuhi ya siku ya kazi, watoto wengine wakiwa darasani, uone nani amekaa na watoto. Muulize mkutubi, maana yeye anawajua. Uliza nyumba ya ibada, uliza walimu wastaafu, uliza kocha anayefundisha watoto kuogelea au mpira mchana. Waulize pia wazazi wa watoto wenye ulemavu. Wengi wao walilazimika kusomesha nyumbani kabla ya mtu yeyote kuwaambia kwamba jambo hilo lina jina.

Ukiwapata, usijiunge siku ya kwanza wala usitoe ada. Kaa nao asubuhi moja, uwatazame watu wazima wanavyosema na watoto. Kundi likikwambia ujifiche, au kila jibu lao ni kukuuzia kitabu, ondoka. Tafuta hata familia mbili tu ambazo zimeshapita unakopita, moja iwe na mtoto mkubwa aliyekwisha fanya mtihani. Hao ndio watakaokueleza ni kituo gani kinapokea watahiniwa wa kujitegemea, na ni masomo gani yenye mitihani ya vitendo inayosumbua kuipatia nafasi. Mwanao ana miaka 9, mtihani uko mbali, lakini swali hilo liulize sasa.

Niliwahi kukaa mezani kwa mama mmoja siku ambayo mkaguzi anakuja. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Alichokuwa nacho ni daftari moja la mistari, na kila siku ina mistari mitatu minne: tarehe, wamesoma nini, mtoto alikwama wapi. Ukurasa mmoja ulikuwa umeandikwa, "Sehemu za nusu na robo. Amelia. Tumeacha, tumekwenda kutembea." Siku mbili mbele: "Sehemu tena. Ameelewa, amemfundisha mdogo wake." Mkaguzi aliufungua ukurasa ule, akausoma taratibu, akauliza kama anaweza kuzungumza na mtoto. Yule mama aliponisindikiza alikuwa ameacha kutetemeka.

Nawe anza daftari lako leo. Usingoje kibali. Wiki hizi mbili ziandike kwa kadiri unavyokumbuka, uandike wazi kwamba umeziandika baadaye.

Na kuna mmoja ambaye barua yako haikusema kama umemuuliza chochote. Anawasikia wewe na baba yake mkibishana, na anaiona simu ikilia bila kupokelewa. Keti naye. Mwambie unazungumza na shule, na kwamba kesi hii si yake. Kisha muulize Jumapili jioni alikuwa akifikiria nini, na umwache amalize, hata akichukua muda mrefu. Jibu lake huenda likabadilisha hata barua utakayoiandikia shule. Ukishalisikia, niandikie tena, na safari hii uniambie uko nchi gani.

Shangazi yako.