Tukimwaga urea baharini, dagaa watazidi?

SWALI: Assalaam aleikum, mtaalamu. Mimi ni mvuvi wa dagaa, Wete, Pemba. Nikitia urea kwenye mpunga unanawiri. Nasikia chakula cha dagaa kinaanzia kwenye vijimea vidogo vinavyoelea baharini. Je, tukiimwaga urea hiyo baharini, vijimea hivyo havitaongezeka, na dagaa nao wakazidi?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umefikiri vizuri. Vijimea hivyo, yaani fitoplanktoni, vinataka nitrojeni, ile iliyomo kwenye urea, na maji yetu ya juu mara nyingi ni maskini wa nitrojeni. Jua huyapasha moto, yakawa mepesi, yakakaa juu ya maji ya baridi ya kina. Mwanga uko juu, virutubisho vingi viko chini gizani.

Lakini nitrojeni peke yake haioteshi kitu. Kwa wastani fitoplanktoni huwa na atomu 106 za kaboni kwa 16 za nitrojeni na 1 ya fosforasi. Ukiongeza nitrojeni tu, fosforasi ndiyo itakayokwisha. Diatomu nazo, aina mojawapo ya vijimea hivyo, hujenga magamba yao kwa silika, madini yanayofanana na kioo, ambayo haimo kwenye urea.

Kisha kuna metali, na hapa ndipo wengi hupasahau. Bila chuma, kijimea hakiwezi kutumia vizuri mwanga wala nitrati, yaani nitrojeni iliyoyeyuka majini. Hata urea yako, vijimea vingi huivunja kwa kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za mwilini) chenye metali ya nikeli ndani yake. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, lakini kikikosekana ukuaji unasimama. Mwaka 1993, karibu na visiwa vya Galápagos katika Bahari ya Pasifiki, watafiti walitia chini ya nusu tani ya chuma kwenye kilomita za mraba 64 za bahari yenye nitrati tele, na fitoplanktoni zikaongezeka waziwazi. Mbolea ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni chuma, kwa sababu kwenye maji yenye oksijeni chuma hushika kutu na kuzama.

Kwetu nchi kavu iko karibu, kwa hiyo chuma hupatikana zaidi kuliko huko. Ndiyo maana naipenda sana Trichodesmium, aina ya fitoplanktoni, ile michirizi ya kahawia inayoelea kama unga wa mbao wakati wa kaskazi. Hiyo huchukua nitrojeni ya hewa yenyewe, kazi inayodai chuma kingi, na ikifa na kuoza huwaachia wengine mbolea.

Basi urea usiimwage. Kwenye mkondo itachukuliwa. Kwenye ghuba zilizotulia kama za kwenu itakaa, vijimea vitafurika, vikifa vitaoza na kumaliza oksijeni, samaki wafe. Baadhi ya aina zinazofurika hutoa sumu inayojikusanya ndani ya kombe na chaza, na kupika hakuiondoi.

Ukiona maji yamebadilika rangi na samaki wanakufa, msile kombe wa hapo. Mjulishe ofisa uvuvi na uchote maji kwa chupa safi ya plastiki. Usitumie ndoo ya bati, maana kutu yake ikiingia, kipimo cha chuma kimeharibika.