Maswali ya Wasomaji: Skrini ya gari au simu ya mkononi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua Toyota Probox iliyotumika, iliyoagizwa kutoka Japani, kwa ajili ya kusambaza mbegu na dawa za mimea katika maduka ya pembejeo. Ninaishi Makambako, na safari zangu ni za Njombe, Ludewa, Makete, Songea na wakati mwingine Mbeya. Gari lilikuja na skrini ya ramani, lakini maandishi yake yote ni ya Kijapani na haina barabara hata moja ya kwetu. Fundi mmoja anataka shilingi 380,000 ili aitoe na kuniwekea skrini ya Android. Rafiki yangu naye ananishauri niagize kifaa cha GPS cha kubandika kwenye kioo. Simu ninayo, tena ya Android, ila nahofia bando kuisha njiani, na zipo sehemu ambazo mtandao hukatika kabisa. Ni njia ipi isiyo na gharama kubwa?
*Msomaji, Makambako*

JIBU: Ndugu msomaji, usimpe fundi fedha hizo kwa sababu ya ramani peke yake, kwa maana kifaa unachokitafuta tayari unacho mfukoni. Hofu yako kuhusu bando ni ya wengi, na chanzo chake ni kudhani kwamba simu huijua mahali ilipo kwa kutumia intaneti. Sivyo. Ndani ya simu kuna kipokezi kinachosikiliza mawimbi ya setilaiti za GPS za Marekani, na simu nyingi za sasa husikiliza pia za Urusi, za Umoja wa Ulaya na za China. Mawimbi hayo hayalipiwi na mtu yeyote, wala hayapiti kwenye minara ya kampuni za simu. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani yenyewe, pamoja na taarifa za foleni. Basi ukiipakua ramani mapema, ukiwa nyumbani au mahali penye Wi-Fi, unaweza kuzima data kabisa na bado ukaongozwa kutoka Makambako hadi Songea.

Programu ya kuanzia ni Google Maps, kwa kuwa huenda tayari imo kwenye simu yako. Katika orodha yake kuna sehemu ya ramani za nje ya mtandao, ambamo utachagua eneo kwa fremu na kulipakua. Eneo moja lina kikomo cha ukubwa, kwa hiyo huwezi kuchukua Tanzania nzima kwa mkupuo. Chukua Njombe na Ruvuma kwanza, kisha Mbeya. Ramani hizo zina muda wake wa kumalizika na hutaka kuhuishwa, kwa hiyo zifungue ukiwa na mtandao kila baada ya wiki chache. Bila data hutapata taarifa za foleni, lakini kwa barabara zako hilo si pengo kubwa.

Pamoja na hiyo, ningekushauri uweke Organic Maps, programu ya bure isiyo na matangazo, iliyoanza mwaka 2021 na iliyotengenezwa mahususi kwa matumizi yasiyo na mtandao. Hutumia ramani ya OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote tangu mwaka 2004. Kwa kutafuta duka au hoteli kwa jina, Google ina nguvu zaidi. Kwa njia za vijijini, mara nyingi nimeona OpenStreetMap ikiwa na vijia ambavyo mwenzake hana. Kuwa na zote mbili hakuongezi gharama yoyote zaidi ya nafasi kwenye simu, na zinapotofautiana kuhusu njia ya kupita, huo ni ujumbe kwako kwamba unapaswa kuuliza kabla ya kukata kona. Programu nyingine ya ramani, Waze, iache, kwa sababu imejengwa juu ya taarifa za moja kwa moja na huhitaji data safari nzima.

Kuhusu ile skrini ya Kijapani, usipoteze fedha kwa anayekuahidi kuibadili lugha tu. Hata maandishi yakisomeka, ramani iliyomo ni ya Japani, na vifaa hivyo havikutengenezwa ili vipokee ramani ya nchi nyingine. Skrini ya Android ni kitu kizuri kwa mwenye uwezo: ni kubwa, ina antena yake ya GPS, na hukuondolea kero nyingine ya magari haya, yaani redio inayoishia megahezi 90 au 95 za Japani na kukukosesha stesheni nyingi za FM za hapa nyumbani. Lakini kwa upande wa ramani itafanya kazi ileile ambayo simu yako inaifanya sasa, kwa programu zilezile, na pale utakapotaka intaneti italazimika kuipata kwa simu hiyohiyo.

Kifaa cha kubandika kwenye kioo kina hatari ambayo rafiki yako huenda hakuifikiria. Vile vilivyotumika vinavyotoka Ulaya huja na ramani za Ulaya, na unapotaka ramani ya Afrika Mashariki inakubidi uinunue kando. Zipo ramani nzuri za kulipia, kama za Tracks4Africa ya Afrika Kusini, ambazo zinathaminiwa sana na wasafiri wa porini. Kwa mtu anayezunguka kwenye maduka yaleyale ya pembejeo, gharama hiyo siioni sababu yake.

Fedha kidogo uliyo nayo itumie kwenye vitu viwili, nami nakusihi usivipuuze. Cha kwanza ni kishikio imara cha simu, kitakachoiweka usawa wa macho bila kuziba kioo, ili usiishike simu mkononi wala kuipakata. Kinachobana kwenye tundu la kiyoyozi kinafaa kuliko cha kunata juu ya dashibodi, kwa sababu juani simu hupata joto hadi skrini ikafifia au ikajizima, ilhali pale kwenye tundu hupulizwa na hewa. Cha pili ni chaja ya gari yenye nguvu ya kutosha. Chaja dhaifu huonyesha alama ya kuchaji huku asilimia zikishuka, kwa kuwa ramani inayowaka muda wote hula umeme kuliko unaoingia. Kabla ya kuondoka, simama mahali pa wazi, weka kituo unachokwenda, na usubiri ile alama ya buluu inayoonyesha mahali ulipo itulie. Bila mtandao simu huweza kuchukua dakika chache kuzipata setilaiti, hasa ikiwa imezimwa muda mrefu.

Jambo la mwisho kwako ni kwamba programu haijui mzigo wako wala matope. Ukiwa Chimala na unakwenda Matamba, wilayani Makete, ramani itakuchorea mstari mfupi wa kupanda mlima, lakini mstari huo ni ile njia mashuhuri ya kona 57, ambayo haifanani na lami ya Njombe kwenda Makete kwa gari dogo lililojaa mbegu. Tangu Novemba hadi Aprili, mvua zinapokolea katika nyanda za juu, muulize dereva wa fuso au wa Noah aliyetoka huko asubuhi hiyo, na neno lake ulitangulize mbele ya ramani. Hata saa ya kufika inayoandikwa kwenye skrini iongezee muda, maana kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa na unapaswa kukitii.

SWALI: Mimi ninapeleka keki kwa wateja Goba, Kinyerezi na Mbezi kwa gari langu mwenyewe. Wateja hunitumia lokesheni kwenye WhatsApp, lakini mara nyingine hunipeleka siko, na bando likiisha siwezi kuifungua tena. Nifanyeje?
*Mama wa keki, Tabata*

JIBU: Dada yetu, lokesheni nyingi za uongo hutumwa na mtu aliye kazini au ndani ya daladala, kwa kuwa simu hutuma mahali alipo wakati ule na si nyumbani kwake. Mwombe mteja aitume akiwa mlangoni, asubiri kwanza lipungue lile duara linalozunguka alama ya mahali alipo, ambalo huonyesha usahihi, na akutajie pia namba ya nyumba na jina la barabara. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina vibao hivyo, na vinasaidia sana katika hatua zile za mwisho ambapo ramani huishiwa.

Kuhusu bando, ifungue lokesheni kwenye ramani ukiwa bado nyumbani, kisha ihifadhi kwa jina la mteja katika programu uliyoipakulia ramani ya Dar es Salaam. Itabaki humo hata data ikikatika. Unaweza pia kunakili zile namba mbili za latitudo na longitudo. Kwa Dar es Salaam ya kwanza huanza na -6 na ya pili na 39. Zinakili kwa mpangilio huohuo na alama yake ya kutoa, kwa sababu ukiisahau hiyo alama ramani itakupeleka Ethiopia, na ukizigeuza mahali pake itakupeleka Hispania. Mteja anayeagiza mara kwa mara mhifadhi mara moja tu, umwandikie na rangi ya geti.