Kabla hujalipia websaiti ya databesi, jiulize nani ataigusa

Watu wengi wanaonifuata niwatengenezee websaiti ya biashara wanaanza na sentensi moja, "nataka ya WordPress". Hiyo ni programu ya kujengea na kuendesha websaiti, na maandishi yake inayaweka kwenye databesi, yaani ghala la taarifa. Ukiwauliza kwa nini, wamesikia tu mtu kasema ndo nzuri. Na nzuri ni nzuri kweli, imetoka 2003 na leo kwenye kila websaiti kumi duniani zaidi ya nne zinatumia hiyo. Ila swali langu la kwanza huwa ni lingine: nani atakuwa anabadilisha vitu humo ndani, na mara ngapi?

Hapo wengi wanakaa kimya kidogo.

Iko hivi. Websaiti tuli ni mafaili tu, HTML (maandishi ya ukurasa), CSS (muonekano wake) na picha, yamekaa kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi websaiti, mtu akifungua ukurasa seva inachukua faili inamrushia, kazi imeisha. Ya databesi haina ukurasa uliokaa tayari. Mgeni akiingia, PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa nayo, inaamka, inaenda kuuliza MySQL, ambayo ndo databesi yenyewe, maandishi ya ukurasa huu yako wapi, inayachanganya na muonekano wa websaiti, ndo inampa. Ni kama fundi cherehani anayeanza kukata kitambaa upya kila mteja akiingia mlangoni, ambayo ni sawa kabisa kama kila mteja ana vipimo vyake, lakini kama wote wanachukua saizi moja si angezishona mapema azitundike tu.

Sasa biashara ndogo nyingi zina nini cha kusema? Sisi ni nani, tunafanya nini, picha za kazi zetu, saa za kufungua, namba ya simu, ramani. Kurasa tano au sita, na zikibadilika sana ni mara moja moja kwa mwaka. Databesi ya nini hapo jamani?

Wananijibu "lakini nataka niwe nabadilisha mwenyewe". Sawa, haki yako. Ila nimepokea websaiti nyingi za watu waliosema hivyohivyo, ukiingia kwenye dashibodi unakuta posti ya mwisho ni "Karibu kwenye websaiti yetu mpya", chini yake bado ipo ile posti ya mfano ambayo WordPress inakuja nayo, na pembeni kiduara chekundu kinakwambia apdeti zilizolala ni ngapi. Yaani mtu analipia uwezo wa kubadilisha ambao hautumii, halafu mzigo wake anaubeba kila siku.

Na huo mzigo ndo watu hawaambiwi. WordPress yenyewe siku hizi imekaa vizuri kiusalama, matundu mengi yanapatikana kwenye plagini, yaani programu ndogo za kuongezea, na developa wengi wakikuwekea websaiti wanajaza plagini kama hawana akili nzuri, ya slaida, ya fomu, ya kitufe cha kupiga simu (kitufe! kitu cha mstari mmoja wa HTML). Kila moja ni programu iliyoandikwa na mtu mwingine ambayo inabidi iapdetiwe, na siku aliyeiandika akichoka akaiacha, imebaki kwako. Kama unadhani biashara yako ni ndogo hakuna atakayekuona, fungua logi za seva, yaani kumbukumbu za kila aliyegonga hodi. Utaona maombi ya wp-login.php (ukurasa wa kuingilia WordPress) yanapishana usiku kucha, roboti zinajaribu pasiwedi. Mimi nina websaiti tuli ambazo hazijawahi kuwa na WordPress hata siku moja na bado roboti zinakuja kuulizia wp-login.php, zinaambiwa hakuna ukurasa kama huo, zinaondoka. Hakuna mlango wa kusukuma.

Bakapu nayo. Kwa websaiti tuli unakopi folda, umemaliza, ukihama hostingi (kampuni inayokutunzia websaiti kwenye seva zake) unaipandisha kule kama ilivyo. Kwa WordPress vitu viko sehemu mbili: picha na plagini ziko kwenye mafaili, ila maandishi yote, kurasa zote, mipangilio, viko kwenye databesi. Nimeletewa bakapu ya mtu, zip kubwa kabisa, folda ya picha ipo kamili, databesi hamna. Kila alichowahi kuandika kilikuwa kimeenda na seva ya zamani. Kwahiyo ukiambiwa "bakapu ipo" uliza na ya databesi ipo?

Sisemi databesi mbaya. Kama unauza bidhaa ambazo stoku inapanda na kushuka kila siku, kama wateja wanabuku nafasi na hutaki wawili wapewe saa moja, kama kuna akaunti za wanachama, au mna watu watatu wanaoandika kila wiki, weka databesi wala usijibane, kuzifanya hizo kwa mafaili ya mkono ni kujitesa. Ila tenga hela ya mtu wa kuitunza, ya kila mwezi, siyo ya siku ya kuijenga tu.

Kuna njia ya katikati pia. Programu kama Jekyll na Hugo unaziandikia maandishi ya kawaida zenyewe zinakuzalishia kurasa tuli. Mimi nazipenda sana, lakini kwa mwenye biashara ambaye hajazoea kuandika amri kwenye kompyuta si rafiki, tusidanganyane. Na ukiwa na websaiti tuli, fomu ya mawasiliano haitatuma meseji yenyewe, lazima kuwe na huduma ya nje ya kuipokea. Kwa biashara nyingi mimi naweka namba ya simu inayobonyezeka na linki ya WhatsApp, fomu naiacha, maana wateja wanapiga tu.

Ukishaamua, kabla ya kulipa muulize developa domeini (jina la anwani ya websaiti yako) itaandikishwa kwa jina la nani na pasiwedi za hostingi atakupa lini. Akianza kuzunguka zunguka, tafuta mwingine, hata kama bei yake ndo ya chini kuliko wote.