Risiti ya TRA haifuti zaka

SWALI: Assalaam alaykum. Nina duka la vitenge Kariakoo. Mwaka huu kodi niliyolipa TRA imeipita zaka niliyopigiwa hesabu. Mshauri mmoja kaniambia kodi hiyo ihesabike kuwa ndiyo zaka yangu, kwani Malaysia wanafanya hivyo. Ni sahihi?

JIBU: Waalaykum salaam. Si sahihi, na kila Ramadhani ikikaribia naletewa swali hili hili. Mshauri wako kaigeuza Malaysia kichwa chini miguu juu. Kule Mwislamu hutoa zaka kwenye taasisi ya zaka ya jimbo lake, akapewa risiti, ndipo anapopunguziwa kodi ya mapato kwa kiasi hicho. Zaka ndiyo inayopunguza kodi.

Kodi ina nafasi yake katika hesabu, nayo ni kwenye madeni. Siku mwaka wako wa Kiislamu unapotimia, thaminisha vitenge vyote, vya dukani na vya stoo, kwa bei ya kuuzia ya siku hiyo. Tuseme milioni 80. Ongeza fedha za mkononi, za benki na za kwenye simu, milioni 12, na madeni ya wateja unaojua watalipa, milioni 8. Toa milioni 14 unazodaiwa na aliyekuletea mzigo, na milioni 6 za kodi ambayo muda wake umefika na hujailipa. Zinabaki milioni 80. Zikiwa zimefikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, zaka yake ni asilimia 2.5, yaani milioni 2. Kodi uliyokwisha kulipa haiguswi tena, maana haimo kwenye mali.

Kinachoniudhi ni hawa wanaowauzia wafanyabiashara njia za mkato. Mwingine humshauri mtu ahamishie fedha kwa mkewe wiki moja kabla ya mwaka kutimia, kisha zirudi. Zaka ina wenyewe. Sura At-Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu manane, wakiwemo mafakiri, maskini na wenye madeni; barabara na mishahara ya serikali hazimo. Katika karne ya 8 Kadhi Abu Yusuf alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid kwamba mapato ya kharaji, kodi ya ardhi, yasichanganywe na ya zaka, kwa sababu kila moja lina watu wake. Ikiwa khalifa mwenye hazina mbili mkononi alikatazwa, mshauri wa Kariakoo kapata wapi ruhusa? Mwulize VAT yako imeingia fungu lipi kati ya yale manane, na ada aliyokutoza mdai akurudishie.