Maswali na majibu: matairi ya gari la zamani, tazama tarehe kabla ya kashata

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya matairi, na mengi yanauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Nachukulia kwamba unajua kusoma saizi ubavuni mwa tairi. Kama hujui, fungua kwanza kitabu cha gari lako kwenye ukurasa wa magurudumu, kisha urudi.

Nimenunua Mercedes W123 iliyokuwa imelala gereji miaka mingi. Matairi yana kashata nene (ule mpira wenye mifereji unaogusa barabara) na hayavuji hata kidogo. Kuna haja ya kubadilisha?

Ipo, tena kabla ya safari yoyote. Swali hili halikosi kamwe, na kila mara kashata inasifiwa huku tarehe haitajwi. Kashata huisha kwa kutembea, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Oksijeni hupenya taratibu hadi kwenye mpira unaoshikilia mikanda ya waya, mpira ule unakauka, nguvu yake ya kushika inapungua. Siku utakayokwenda mwendo mrefu juani, mikanda inaachana na kashata yote inabanduka. Ikitokea nyuma, gari linayumba ghafla, na kile kipande kinachopigapiga kinaweza kung'oa madigadi.

Kusimama kunazidisha ubaya. Ndani ya mpira mna nta na kemikali za kuzuia ozoni, nazo hupanda juu pale tairi linapojikunja na kujikunjua barabarani. Tairi lisilotembea halipati kinga hiyo ya kutosha, ndiyo maana gari la maonyesho huota nyufa ubavuni mapema kuliko teksi.

Tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe huandikwa ubavu mmoja tu, na kama fundi alifunga ubavu huo kwa ndani, itabidi uingie chini ya gari na tochi. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Ling'oe leo. Tairi likivuka miaka 5, likaguliwe kila mwaka na mtu anayejua. Likifika 10 litoke, hata kama vile vinywele vya mpira bado havijakatika. Tairi la akiba nalo linahesabiwa hivyohivyo.

Ongezea hili ambalo hukuliuliza: saizi za magari ya zamani hazinunuliwi haraka, hivyo hukaa stoo. Omba kusoma tarehe kabla tairi halijafungwa kwenye rimu. Na mitumba achana nayo kabisa. Hujui lilibeba uzito gani, lilitembea likiwa na upepo mdogo kwa muda gani, wala liligonga shimo lipi, na madhara hayo hayaonekani kwa nje.

Volkswagen Beetle yangu imeandikiwa 5.60-15. Dukani hawaijui namba hiyo. Ninunue nini?

Hiyo ni saizi ya tairi la krosiplai, yaani lile la zamani ambalo nyuzi zake za ndani zimepishana kimshazari, na upana wake ni kwa inchi. Radiali, ambayo nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, inayochukua nafasi yake ni 155R15 au 165R15. Radiali za zamani zisizoandikwa asilimia ya kimo cha ubavu zina kimo cha asilimia 80 hadi 82 ya upana, kwa hiyo 165R15 unaweza kuipata ikiwa imeandikwa 165/80R15. Inakaa vizuri kwenye rimu ya 4J au 4½J ya kiwandani (namba hiyo ni upana wa rimu kwa inchi). Usimruhusu muuzaji akupe "inayokaribiana" kwa kukadiria na macho.

Nataka 195/50R15 na rimu pana ili gari hilohilo likae chini. Yataingia?

Kuingia yataingia. Naomba kabla ya kuuliza swali la namna hii tena mtu achukue kalamu. Zidisha upana kwa asilimia ya kimo, mara mbili, ujumlishe rimu. 165/80R15: 132 mara mbili ni 264, jumlisha 381 (inchi 15 kwa milimita), unapata milimita 645. 195/50R15: 97.5 mara mbili ni 195, jumlisha 381, unapata 576. Umepoteza milimita 69 za kipenyo. Mshale ukisoma 100, gari linakwenda kama 89. Kwa mwendo uleule injini inazunguka zaidi kwa asilimia 12: kelele, joto na mafuta, na Beetle haina gia ya kupunguza hayo.

Tazama pia uzito. 165/80R15 kwa kawaida ina namba ya mzigo 87, yaani kilo 545 kwa tairi. 195/50R15 ina 82, yaani kilo 475. Umeongeza upana, umepunguza uwezo wa kubeba.

Halafu kuna gari lenyewe. Usukani wa magari haya hauna msaada wa haidroliki, kwa hiyo kila unapokata kona ukiegesha, nguvu yote inapita kwenye boksi la usukani na viungo vyake. Rimu inayochomoza nje inahamisha mzigo kutoka kwenye beringi ya ndani kwenda ile ndogo ya nje. Kwenye mvua, tairi pana chini ya gari jepesi hupanda juu ya maji mapema kuliko jembamba. Na springi za gari la zamani zilipangwa kwa tairi refu, jembamba, linaloteleza polepole na kukupa muda wa kurekebisha. Ukiweka tairi linaloshika sana, gari linalala zaidi kwenye kona, na linapoachia, linaachia kwa mara moja.

Ukitaka kuongeza upana, panda hatua moja au mbili, na kipenyo kisipishane na cha kiwandani kwa zaidi ya asilimia 3. 185/70R15 ina milimita 640 na inakaa sawa kwenye rimu ya 5J. Baada ya kufunga, pakia watu nyuma, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, uangalie kama mpira unagusa popote. Na kama lengo ni uzuri tu, gari la zamani lililovaa saizi yake linapendeza zaidi, na naliamini hilo kwa dhati.

Naweza kuweka radiali mbili mpya mbele na kubakiza krosiplai nyuma?

Hapana. Mbele itashika, nyuma itatoka, gari litageuka. Usichanganye kamwe kwenye ekseli moja. Na kama hali inakulazimisha kwa muda, radiali zikae nyuma.

Fundi amenishauri niweke 195R14C kwenye W123 kwa sababu "ni ngumu, hazipati pancha". Ni sahihi?

Hiyo C ni ya magari ya biashara, vipikapu na mabasi madogo. Tairi hilo kwa kawaida lina namba ya mzigo 106, kilo 950. W123 isiyopakiwa ina uzito wa chini ya tani moja na nusu, yaani kila tairi linabeba chini ya kilo 400. Ubavu wake mgumu haujikunji, kwa hiyo mishtuko yote inakwenda kwenye shokomzoba, bushi na mwili wa gari. Jaza upepo wa kipikapu na gari litarukaruka kwenye matuta, huku sehemu ndogo tu ya kashata ikigusa lami. Tena kipenyo chake kinakaribia milimita 667, wakati 195/70R14 ina 629. Mshale ukisoma 100, unakwenda 106. Rudi kwenye 175R14 au 195/70R14, kulingana na toleo lako.

Herufi ya mwendo: S, T au H?

Isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari: S ni kilomita 180 kwa saa, T 190, H 210.

Nimeambiwa kuweka tyubu ni ushamba. Kweli?

Inategemea rimu, si fasheni. Tyubulesi inahitaji rimu yenye kinundu kidogo kinachozunguka ndani ya ukingo, kinachozuia tairi lisidondokee katikati upepo ukipungua kwenye kona. Rimu nyingi za zamani hazina kinundu hicho, na za spoku huvuja kwenye kila spoku. Hizo ziwekee tyubu.

Makosa hutokea wakati wa kuweka. Tyubu iwe ya saizi ya tairi na iwe imeandikwa kwamba inafaa kwa radiali. Bandua stika zote ndani ya tairi, kwa sababu pembe ya stika hukwaruza tyubu hadi ikatoboka. Piga msasa kutu, na kwenye spoku zungusha mkanda wa mpira. Paka poda ya talki, jaza, toa upepo wote, kisha jaza tena ili mikunjo ijinyooshe. Angalia tundu la valvu pia: kuna la milimita 11.3 na la 15.7. Valvu nyembamba kwenye tundu kubwa hucheza hadi ikakatika shingoni.

Beetle yangu najaza 30 pande zote. Mbona nyuma inayumba?

Kwa sababu umejaza 30 pande zote. Injini iko nyuma, na tofauti ya upepo ndiyo inayolituliza gari. Kwa radiali, anza na PSI 18 mbele na 27 nyuma, ukipima asubuhi matairi yakiwa baridi. Namba za krosiplai ni ndogo zaidi, kwa hiyo usizitumie kwa radiali.

Peugeot 505 yangu ina rimu zilizoandikwa 390. Nifunge tairi la inchi 15?

Usijaribu! Hizo ni rimu za TRX, aina ya Michelin inayopimwa kwa milimita: 390, kama inchi 15.35, na ukingo wake una umbo lake. La inchi 15 halitakaa, na fundi akilazimisha kwa upepo mwingi waya wa ukingoni hukatika na tairi hulipuka mbele ya uso wake. La 16 ni kubwa mno. Tafuta tairi za TRX zenyewe, au badilisha rimu zote.

Kiwi ya kung'arisha matairi inasaidia?

Zenye mafuta ya petroli zinadhuru mpira. Maji na sabuni vinatosha.

Nimwambie nini fundi siku ya kufunga?

Afanye balansi kwa kushika rimu kwenye mashimo ya nati, hasa zile za Beetle zenye tundu kubwa katikati ambazo koni ya kawaida ya mashine ya balansi haizishiki. Kama umetoka krosiplai kwenda radiali, alaimenti ipimwe upya, maana radiali hutaka magurudumu ya mbele yasielekee ndani sana kama ya krosiplai. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, si kwa bunduki ya upepo, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.